Sentensi ya Kufungulia Mlango

Mume wangu Dobrivoje hamwamini daktari, hamwamini fundi bomba, hata padri akimwambia mfungo umekwisha anakwenda kuhakikisha kwa jirani. Lakini vijana wawili wa mji wa Novi Sad, ambao hakuwahi kuwatia machoni, aliwaamini papo hapo akawatumia pesa tuliyoiweka kwa ajili ya jokofu jipya. Aliwaona kwenye video. Walikuwa wamekaa gerejini, miguuni wamevaa kandambili za sufi za kufumwa kwa mkono, mfano wa zake.

“Mtu anayevaa kandambili hizi, Zorka, hawezi kutapeli watu,” aliniambia. “Hizi amefumiwa na bibi yake. Ana kwao.”

Walichokuwa wanauza kiliitwa Čuvarko, yaani mlinzi mdogo. Ni jicho la kubandika juu ya mlango, linakuja na kitasa kisichotaka ufunguo. Jicho linamtambua mtu anayekuja, linamsalimu kwa jina na kumfungulia. Tatizo ni kwamba hicho Čuvarko kilikuwa hakijakuwepo duniani. Unalipa kwanza, wao wanakwenda kukitengeneza, halafu mwezi wa nne unaletewa. Mwezi wa nne ukaja ukapita, na wa tano, na kila mara tulipata barua pepe ya kuomba radhi, ambayo mume wangu aliisoma kwa huruma. Mimi jokofu langu lilikuwa linavuja jikoni, hakuna aliyelionea huruma.

Sababu yake alikuwa nayo, sikatai. Goti lake la kulia limekwisha kabisa. Na slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ni ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Mshumaa ukiwashwa yeye ni wa kusimama, kumimina rakia, pombe yetu kali ya matunda, na kupitisha sahani, na kengele ikilia ni yeye wa kwenda kufungua. Na kengele inalia kweli, maana slava haina mwaliko. Anayeikumbuka anakuja. Akishakuja, hata kama juzi mlitukanana sokoni, haulizwi amefuata nini wala haambiwi aondoke.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitegemea mimi. Dobrivoje ana mdogo wake mmoja tu, Miladin, anayekaa upande wa pili wa mji huu huu wa Čačak, na walikuwa hawasemezani kwa miaka saba. Baba yao aliwaachia chungu cha shaba cha kupikia rakia. Miladin alisema kisiazimwe mtu. Dobrivoje akamwazima mtu. Mtu yule akakiacha motoni akaenda kulala, kikatoboka tundu la kupitisha ngumi. Badala ya kusema “nimekosa,” mume wangu alisema shaba ilikuwa imeshachoka tangu enzi za marehemu. Ndiyo hivyo tu. Watu wazima wawili wenye wajukuu, wameachana kwa ajili ya tundu.

Sasa mwaka ule, kiangazi, Miladin alipasuliwa moyo. Dobrivoje aliposikia alikwenda barazani akavuta sigara tatu kwa mfululizo, akarudi akasema supu haina chumvi. Hospitali hakwenda. Mimi nilikwenda kwa siri, nikakutana na mke wa Miladin, Ljubinka, tukalia pale kwenye korido, kisha tukala njama. Wanaume hawa kuwapatanisha haiwezekani, lakini slava ipo. Siku mbili kabla ya Mtakatifu Dimitri, Ljubinka alinipigia simu kwa kunong’ona.

“Zorka, anakuja.”

“Nani?”

“Nani tena! Amepiga pasi shati mwenyewe. Anazunguka chumbani anaongea peke yake, eti anajifunza la kusema mlangoni. Ila amesema kitu kimoja, na unamjua akisema. Kaka yake akimwonyesha sura ya kumkataa, hata kidogo, anageuka, na huo ndio mwisho mpaka makaburini.”

“Hakuna wa kumkataa mtu siku ya slava.”

“Najua. Ila mlangoni uwe wewe.”

Nikamwahidi. Sikumwambia mume wangu lolote, maana angejua tu angevimba kichwa na kuanza kupanga maneno ya kujibu. Ahadi yangu lakini ilikuwa na kasoro moja. Mlangoni hapakuwa tena mahali pangu, palikuwa mahali pa Čuvarko.

Kilikuwa kimefika mwezi wa kumi, kimefungwa kwenye sanduku zuri kuliko chenyewe. Dobrivoje aling’oa kitasa cha zamani akakitupa stoo, maana vijana walimwandikia kwamba ufunguo ni udhaifu. Ufunguo wangu nikauficha kwenye bakuli la sukari, kwa ubishi tu. Kisha akakaa siku nzima akikionyesha kile kijicho picha za slava zilizopita ili kiwajue wageni. Picha za Miladin hazikuwemo. Zile za zamani zenye sura yake alizikata kwa mkasi mwaka ule wa chungu.

“Hizi sura za watu zinakwenda wapi?” nilimuuliza.

“Haziendi popote. Zinabaki humo humo ndani.”

“Nani kasema?”

“Wao wenyewe.”

“Wenye kandambili?”

“Zorka, usinianze.”

“Na kinasikia pia?”

“Kinasikia, ndiyo, lazima kisikie. Kwa ajili ya sentensi.”

Hiyo sentensi ndiyo iliyonikera zaidi. Ikitokea hitilafu, mwenye nyumba anasema sentensi yake ya siri na mlango unatii. Vijana walimshauri achague maneno ambayo hakuna binadamu angewahi kukisia kwamba yanaweza kutoka kinywani mwake. Alinitoa nje ya chumba ili ayaseme. Mimi, mkewe wa miaka yote hiyo! Alipokwenda kucheza sataranji nilisimama mbele ya kile kijicho nikajaribu. Nikasema, “Zorka anapika vizuri kuliko mama yangu.” Kimya. Nikasema, “Nimeoa mwanamke mwenye akili.” Kimya. Kumbe kilitaka sauti yake, si yangu, lakini mimi nilihesabu tu kwamba hayo hajawahi kuyasema hata kwa siri.

Siku ya slava ikafika. Padri alikuja asubuhi, mkate ukakatwa, mshumaa ukawaka. Dobrivoje, kwa majivuno, alikuwa ameunganisha Čuvarko na televisheni ya sebuleni, ili amwone kila anayepanda kabla hajafika. Meza ikajaa watu, na ukutani tunaona ngazi zetu za orofa ya tatu, balbu inayopepesa na zulia la kufutia miguu.

Wa kwanza kutokea kwenye televisheni baada ya meza kujaa alikuwa shangazi yake, Radojka, na binti yake. Walisimama kupumua. Radojka akajipangusa pua, akasema kwa sauti safi kabisa, “Kula kidogo tu, mwanangu. Sarma ya Zorka ni wali mtupu, nyama unaitafuta kwa tochi.”

Sebuleni mgeni mmoja akalifungua kwa uma jani la kabichi la sarma yake, akachungulia ndani.

“Heri ya slava, Radojka,” kikasema kifaa, kwa sauti ya kike ya polepole, wanavyoongea watu wa kule tambarare za Novi Sad. “Karibu ndani.”

Akaingia akitabasamu, akanibusu mara tatu. Mimi nilimpakulia sarma nane. Alipoona watu wote wanamwangalia halafu wanaangalia televisheni, na kwenye televisheni akaona zulia letu, rangi ilimtoka hatua kwa hatua.

“Hiyo... inaonyesha nje?”

“Na kusikia,” nikamwambia. “Kula, shangazi. Tochi nitakuletea.”

Jirani wa chini, Tihomir, alicheka mpaka akapaliwa, halafu ghafla akanyamaza. Nadhani alikumbuka aliyoyasema yeye alipokuwa anapanda. Tangu hapo hakuna mgeni aliyetaka kuondoka, kwa kuwa anayeondoka anapita mbele ya jicho, na anayebaki anabaki na kusikia. Waliolazimika kuondoka walishuka ngazi kimya, wima, kwa adabu ambayo haijawahi kuonekana katika jengo letu.

Mimi nilikuwa sina hamu hata na ushindi wangu. Kila dakika nilikwenda mlangoni kujifanya napangusa meza ya viatu. Mchana ukapita, giza likaanza kuingia. Nilikwenda jikoni mara moja tu, kutoa nyama ya nguruwe kwenye oveni, na ndipo nikasikia sebuleni pamekuwa kimya.

Miladin alikuwa kwenye televisheni. Amekonda, koti linamning’inia, mkononi ana chupa na pakiti ya kahawa. Alivua kofia akalainisha nywele. Na kwa sababu amekonda na kuzeeka, na mvi zimeanzia pale pale, alikuwa Dobrivoje mtupu. Hata mimi nilishtuka.

Dobrivoje alisimama katikati ya chumba na sinia ya glasi, mdomo wazi. “Mtazame alivyokwisha,” alisema taratibu, hakuwa anamwambia mtu.

“Habari za jioni, Dobrivoje,” kifaa kikamwambia Miladin.

Miladin akatazama juu. “Mimi si Dobrivoje.”

“Dobrivoje yuko ndani tayari,” kikasema kile kisauti kitamu. “Wewe umejifanya Dobrivoje. Hutaingia katika nyumba hii. Mlango umefungwa kwa usalama wa familia.” Na kitasa kikalia, kra, kra, kra, mara tatu.

Nilitupa taulo nikakimbilia mlangoni. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga teke. Haukutikisika.

“Miladin!” nikapiga kelele. “Shemeji! Ngoja, ni mashine tu hii!”

“Usijisumbue, shemeji,” ilikuja sauti yake kupitia mbao. “Nimeelewa. Amenirekodia mwanamke wa kunifukuza. Yeye mwenyewe ameshindwa, amekodi.”

“Hakuna aliyekufukuza!”

“Nimepanda orofa tatu na moyo uliotiwa viraka, Zorka. Basi. Heri ya slava.” Akainama akaweka chupa na kahawa juu ya zulia.

Kwenye televisheni niliona mgongo wake. Nilichomoa simu, nikapiga namba ya wale vijana iliyobandikwa nyuma ya mlango, nikaweka sauti ya wote wasikie. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

“Heri ya slava, mama Zorka! Mimi Ognjen, wa Čuvarko. Mwambieni mzee asishuke!”

Nikaitazama simu. “Mwanangu, jina langu umelijuaje?”

“Eh... liko kwenye mfumo.”

“Mteja kwenye mfumo ni Dobrivoje. Na mzee gani asishuke? Wewe unamwona?”

Radojka alijifunika uso kwa leso.

“Mama, tutaongea hayo baadaye,” akasema Ognjen. “Huyo si ndiye mdogo wake mzee? Wa chungu cha rakia?”

Watu wote sebuleni waligeuka kumtazama Dobrivoje. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Chungu umekijuaje wewe?” akanguruma. “Mlisema hakitoki kitu nje ya nyumba! Niliwaamini! Niliwatetea mbele ya huyu mwanamke!”

“Baba, tuko wawili tu huku, na mpaka sasa tumetoa vifaa vichache sana. Jioni tunasikiliza kidogo, kuboresha huduma. Ninyi mko... yaani, tumewazoea. Baba, anashuka!”

“Fungua basi, mpumbavu wewe!”

“Siwezi kufungua kutoka huku, hilo tumelizuia kwa ajili ya faragha yenu.”

Nilitaka kuingia ndani ya simu nimnyonge. Wananisikia ninavyogombana juu ya soksi, lakini mlango wangu hawaugusi, wanaheshimu faragha!

“Dawa ni moja,” akasema Ognjen. “Ile sentensi. Baba aseme mwenyewe, karibu na mlango.”

Dobrivoje hakusogea.

“Sema!” nikamwambia.

“Watu wote watoke sebuleni kwanza.”

“Watoke waende wapi? Mlango umefungwa!”

“Basi nitaibadilisha, niweke nyingine...”

“Dobrivoje!” Nilimshika kola, mbele ya wageni, mbele ya mshumaa. “Huyo anayeshuka hatapanda tena. Amemwambia Ljubinka. Ukimkuta tena utamkuta amelala kwenye jeneza, na utamwambia nini pale? Kwamba shaba ilikuwa imechoka? Sema hiyo sentensi yako, hata kama ni matusi kwangu, nimekusamehe!”

Aliweka sinia chini. Akachechemea hadi mlangoni, akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akanong’ona kitu.

“Samahani, sijasikia,” kikasema kifaa. “Tafadhali rudia kwa sauti.”

Akarudia kwa sauti ya mtu anayeungama.

“Samahani, sijasikia. Tafadhali rudia kwa sauti.”

“Kuna kelele nyingi hapo, baba,” Ognjen akasema kwa upole. “Wewe piga ukelele tu. Mbona siku ile ulipoirekodi ulisema vizuri sana? Ulirudia mara kadhaa, tena wakati tayari imeshapokelewa.”

Mume wangu alifumba macho. Akavuta pumzi yote iliyokuwa imebaki katika kifua kile cha sigara, akaachia sauti iliyosikika mpaka kwenye maegesho.

“MILADIN ALISEMA KWELI!”

Kwenye televisheni, mgongo ule ulisimama.

“Ahsante, Dobrivoje,” kikasema kifaa, na mlango ukafunguka wenyewe.

Miladin alikuwa ngazi ya nne kutoka juu, mkono ukutani. Aligeuka taratibu. Ndugu wawili wenye sura moja wakatazamana, mmoja na kofia mkononi, mwingine na aproni yangu yenye maua kiunoni.

“Nani amesema hivyo?” akauliza Miladin.

“Mashine,” akasema Dobrivoje.

“Mashine inavuta sigara?”

Dobrivoje akatazama zulia. “Mimi.”

“Rudia. Tangu operesheni hii sikio la kushoto halisikii vizuri.”

“Operesheni ilikuwa ya moyo!”

“Vyote vimeungana,” akasema Miladin, na kidevu chake kikaanza kucheza. “Rudia, kaka.”

Dobrivoje akarudia, safari hii kwa sauti ya kawaida, na hakufika mwisho wa sentensi. Alishuka zile ngazi nne na goti lake bovu bila kushika ukuta. Mimi niliokota chupa na kahawa, nikasimama pale nikilia waziwazi, huku simu mkononi mwangu ikipenga kamasi kutoka Novi Sad.

“Ognjen,” nikaiambia simu, “kata sasa. Mengine ni ya kwetu.”

“Ndiyo, mama. Samahani, mama. Mama, sarma zako ni nzuri, usimsikilize yule.”

Kampuni yao ilikufa kabla ya Pasaka. Ikaja barua pepe ya mwisho, ndefu, na kile kijicho kikafumba. Dobrivoje alirudisha kitasa cha zamani kutoka stoo, nami nikautoa ufunguo wangu kwenye bakuli la sukari bila kusema neno, ingawa kutosema neno kulinigharimu. Kijicho chenyewe hakukiondoa. Slava iliyofuata, nani akatokea na chupa ya mvinyo? Ognjen, na kandambili zake ndani ya mfuko. Hatukumwalika, lakini slava haina mwaliko. Alimsalimu Radojka kwa jina, na Radojka hakusema lolote jioni nzima, alikula tu.

Miladin anakuja kila Jumapili baada ya kanisa. Anapanda, anapumzika, lakini kengele hagusi na hagongi. Anasimama chini ya lile jicho kipofu, amevua kofia, anasubiri. Namwona kwenye tundu la mlango, ufunguo uko mkononi mwangu, na sifungui. Namsubiri mume wangu anyanyuke kitini, alitukane goti, alaani Novi Sad yote, afike mlangoni na kusema sentensi yake.